Kidole cha Shangazi

Darasa langu la tatu lilikuwa na watu wazima wawili, na mmoja wao hakuwa ameajiriwa na mtu. Aliingia kila asubuhi nyuma ya mtoto wa kaka yake, akaketi kwenye kiti cha watoto, magoti yakimfikia karibu na kidevu, na hapo alibaki mpaka kengele ya mwisho. Watoto walimwita Shangazi. Mimi nilimwita Shangazi. Hata Mwalimu Mkuu, ambaye kwa umri angeweza kuwa baba yake, alimwita Shangazi.

Mtoto mwenyewe, binti, tulimwita Chiriku. Jina alitoka nalo nyumbani. Alipokuwa mdogo, kabla hata hajaweza kutembea vizuri, alipayuka tangu anafumbua macho mpaka anayafumba, na baba yake akampa jina la ndege mwenye kelele. Kisha maneno yakaanza kupungua, moja baada ya jingine, hadi yakabaki machache ya lazima. Hospitali wakasema ni usonji. Jina likabaki, maana nyumbani kwao hakuna aliyekuwa na moyo wa kulibadilisha. Mgeni akilisikia hudhani tunamkejeli mtoto, na mimi nimechoka kueleza.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa huruma. Huruma haijawahi kumfundisha mtoto yeyote kutoa kwa kukopa. Nilipoambiwa Chiriku anakuja darasani kwangu nilinung'unika, tena si kwa siri, kwa sababu watoto walikuwa wamejaa hadi mlangoni na mwalimu ni mimi peke yangu. Nilipomaliza kunung'unika nikapanga darasa. Dawati lake nikalisogeza ukutani, mbali na dirisha la upande wa barabara ambako malori hupiga honi. Juu ya dawati nikabandika ukanda wa picha: kitabu, penseli, maji, choo, mchezo, nyumbani. Akimaliza jambo anabandua picha yake, anajua kinachofuata. Mtoto wa zamu ya kengele nikamwagiza apite kwanza mlangoni petu, aioneshe kengele bila kuipiga, ili Chiriku azibe masikio kabla ya mlio.

Shangazi, ambaye ni fundi cherehani, aliongeza la kwake. Alishona soksi za viti. Kila mguu wa kila kiti ulivikwa soksi ya kitambaa kilichobaki kwenye nguo za watu, nyingine za maua, nyingine za mistari, na viti vikaacha kupiga kelele sakafuni. Mwalimu wa darasa la nne alipoziona alicheka mpaka akaegemea ukuta. Baadaye alirudi kimyakimya kuuliza kama Shangazi anaweza kumshonea na yeye.

Basi Chiriku akasoma. Watu wakisikia usonji hutaka maajabu: mtoto azidishe namba kubwa kichwani, au apige kinanda bila kufundishwa. Chiriku hakuwa na maajabu yoyote. Alikuwa mwanafunzi wa katikati, mwenye mwandiko mkubwa unaoteremka kulia, anayepata hesabu nyingi na kukosa kadhaa. Hesabu za maneno zilimshinda kwa namna yake. Ukimwandikia kwamba mama ana machungwa kumi, amegawa manne, amebakiwa na mangapi, alijibu "hapana", kwa kuwa mama yake hakuwa na machungwa. Nilimpa sifuri, naye hakununa.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka darasa la saba, kama si waraka kutoka ofisi ya elimu. Ulisema kwamba kuanzia mwaka unaofuata hakuna ndugu wa mwanafunzi atakayekaa darasani. Mtoto mwenye mahitaji maalumu anayeweza kufanya kazi zake mwenyewe ataendelea katika shule ya kawaida. Asiyeweza atahamishiwa shule maalumu ya bweni. Mwishoni mwa muhula atakuja afisa kuwapima wanaohusika, na kwetu anayehusika alikuwa mmoja.

Mwalimu Mkuu alimsomea Shangazi waraka huo ofisini kwake, na mimi nilikuwapo. Shule ya bweni yenyewe haikuwa mbaya, watu waliisifu, ila ilikuwa safari ya kutwa nzima kwa basi. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, mikono imetulia mapajani.

"Watoto wanalala hukohuko?" akauliza.

"Ni bweni, Shangazi," Mwalimu Mkuu akajibu. "Wanarudi likizo."

"Na kucha atamkata nani?"

Mwalimu Mkuu akanitazama mimi, kana kwamba swali ni langu. Kucha za Chiriku zilikatwa kidole kimoja kwa siku, kwa wimbo uleule, na mtu mmoja tu duniani. Akijaribu mwingine, mtoto anapiga yowe mpaka majirani wanatoka nje. Nililijua hilo, na Mwalimu Mkuu alilijua vilevile, lakini waraka haukuwa na mahali pa kulijibu.

Baba wa Chiriku alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana nyumbani leo na kupotea kesho. Yeye aliona bweni si mwisho wa dunia, maana huko kuna wataalamu. Mama yake alifanya kazi za zamu kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na akirudi alikuwa hoi. Aliyeifunga cherehani yake asubuhi nzima, siku zote za shule, ili akae kwenye kiti kidogo, alikuwa Shangazi. Hakujaaliwa mtoto wake. Sisemi hivi ili mtu alie. Mwenyewe alilisema waziwazi tukiwa tunatoka ofisini: "Mwalimu, wakimpeleka huko, mimi nitabaki na soksi za viti. Sitaki. Sitaki kabisa."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hesabu mtoto anazijua.

Mwalimu Mkuu akataka tufanye jaribio dogo kabla ya siku yenyewe, Shangazi akiwa nje. Nikaandika hesabu kumi za kutoa, zilezile ambazo Chiriku alikuwa amezipata juzi, nikamwekea karatasi. Akashika penseli. Akaisogeza mpaka ncha ikakaribia kabisa kugusa karatasi, kisha akabaki hivyo. Hakulia, hakujitikisa, hakutazama dirishani. Nilimwambia andika, akaitazama karatasi. Nikamwambia tena, akaitazama tena. Wenzake walimaliza kazi zao, wakakusanya, wakaanza kupigana vikumbo, na yeye bado penseli iko palepale. Kengele ilipooneshwa mlangoni aliziba masikio, na baada ya mlio akabandua picha ya penseli na kuiweka kando kama mtu aliyemaliza kazi yake. Karatasi ilikuwa nyeupe. Hata jina hakuandika.

Mwalimu Mkuu aliigeuza karatasi huku na huku. "Sasa nimejua nani alikuwa anasoma darasa la tatu," akasema.

Shangazi alikuwa ameitwa, na alikuwa mlangoni. Akawa mbogo palepale. "Mimi? Nimwandikie mimi? Mwalimu Mkuu, mimi shule niliikimbia kwa sababu ya hesabu hizohizo! Niulize hapahapa mia mbili toa themanini na saba, uone nitakavyokutolea macho!"

Mwalimu Mkuu ni mtu asiyejua utani. Akamuuliza. Shangazi akamtolea macho.

Ilikuwa wazi kwamba Shangazi asingeweza kumwibia mtu jibu ambalo yeye mwenyewe hana, na ilikuwa wazi pia kwamba karatasi ni nyeupe. Mwalimu Mkuu alisema afisa akikuta hali hii yeye hatakuwa na la kusema. Hakusema kwa ubaya. Shangazi alifunga kilemba chake upya, akaondoka bila kuaga, na mimi nikabaki na hasira ambayo sikujua nimwelekeze nani.

Kesho yake niliwapa darasa kazi ndefu, nikaenda kukaa nyuma kabisa. Nilimwacha Chiriku, nikamtazama Shangazi peke yake. Haikuchukua muda. Chiriku alishika penseli, akaisogeza kwenye karatasi, akasubiri. Shangazi, huku anatazama ubaoni na kupiga mwayo, akanyoosha kidole cha shahada na kumgusa kiwiko, mguso mwepesi wa mtu anayepima kama pasi imepata moto. Chiriku akaandika jibu. Hesabu ya pili, kidole, jibu. Hesabu ya tatu, kidole, jibu. Mtoto alikuwa anafanya hesabu mwenyewe kabisa, na alikuwa hawezi kuanza hata moja bila kile kidole.

Wakati wa mapumziko nikamwita Shangazi pembeni. "Kwa nini unamgusa kiwiko?"

"Nani?"

"Wewe. Kila hesabu."

"Mwalimu, mimi simgusi mtoto. Mimi nakaa tu." Chiriku alikuwa kando yetu ameshika kikombe cha maji, anakitazama. Shangazi akanyoosha kidole, akamgusa kiwiko, na Chiriku akanywa. "Nimekwambia simgusi," Shangazi akaendelea. "Ningekuwa namgusa si ningejua?"

Nikamshika mkono ukiwa bado hewani, nikamwonesha. Aliutazama mkono wake kama kitu kilichodondoshwa na mtu mwingine.

Mchana huo nilimpigia simu rafiki yangu niliyesoma naye chuo, ambaye siku hizi anafundisha watoto kama Chiriku. Nilipomweleza alicheka, kicheko cha mtu anayekutana na kitu anachokijua vizuri.

"Mmesahau mkono," akasema. "Sisi ndivyo tunavyoita. Mtoto anapoanza, unamgusa ili ajue sasa ni zamu yake. Inafaa sana. Halafu inatakiwa mkono uondoke polepole, na hakuna anayekumbuka kuuondoa, kwa sababu kila kitu kinakwenda vizuri. Mtoto anadhani kidole ni sehemu ya hesabu. Kwake, kujumlisha ni namba, alama, kidole, jibu."

"Nifanye nini?"

"Uondoeni. Polepole, lakini uondoke kweli. Kutoka kiwikoni uende kwenye shati, kutoka kwenye shati uende kwenye meza, kisha mwenye mkono asogee nyuma, kisha atoke. Na wewe ujichunge."

"Mimi nijichunge nini?"

"Utaona," akasema, akakata simu. Alikuwa hivyohivyo tangu chuo.

Zilikuwa zimebaki wiki chache. Nikamweleza Shangazi, naye akala yamini kwamba kidole hakitafika kiwikoni tena. Siku ya kwanza aligusa kitambaa cha shati, na Chiriku akasita, akaandika. Siku chache baadaye aligusa meza kando ya karatasi. Mtoto alisubiri zaidi, akaandika. Nilidhani tumemaliza. Kisha nikagundua kwamba chini ya meza goti la Shangazi linafanya kazi ya kidole.

"Limeteleza," akasema.

"Mara zote?"

"Kiti chenyewe kidogo, Mwalimu. Niweke wapi magoti?"

Nikatangaza darasa zima kwamba Shangazi haruhusiwi kumgusa Chiriku wakati wa kazi. Sikutegemea matokeo yake. Watoto wale, ambao siku nyingine hawasikii hata nikipiga meza, walianza kumlinda Shangazi kama askari wa benki. "Shangazi, mikono!" walipiga kelele kutoka kila upande. "Mwalimu, Shangazi amepumua kwa nguvu!" Shangazi alikalia mikono yake. Alileta ushonaji ili vidole viwe na shughuli, akajidunga sindano, akanuna. Darasa liliipenda kazi hiyo kuliko somo lolote nililowahi kufundisha.

Nikamsogeza nyuma dawati moja, kisha mawili, kisha kwenye benchi la nje karibu na mlango. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Chiriku alikaa na penseli yake karibu na karatasi na kusubiri. Siku nyingine aliandika baada ya muda mrefu. Siku nyingine hakuandika kabisa. Aliyekuwa karibu naye ni msichana tuliyemwita Mtangazaji, kwa kuwa hakuna habari iliyowahi kulala kinywani mwake. Siku moja karatasi ya Chiriku ikajaa majibu ghafla, nikafurahi, nikasogea kumsifu, na nikaona Mtangazaji amenyoosha kidole chini ya daftari, anamgusa kiwiko.

"Nilikuwa namsaidia, Mwalimu," akasema. "Alikuwa anangoja."

Nilimkaripia kuliko alivyostahili. Mtoto alikuwa na nia njema, na nia njema ndiyo iliyotufikisha pale. Kama kila mtu mwenye moyo mzuri angenyoosha kidole, Chiriku angebadilisha shangazi tu.

Nikamweka Mtangazaji safu nyingine, nikawa nasimama mwenyewe karibu na dawati la ukutani. Kwa siku mbili Chiriku alianza kila hesabu bila kuguswa na mtu. Nikampigia rafiki yangu kujisifu.

"Wewe unafanya nini anapoanza?" akaniuliza.

"Sifanyi kitu. Nimesimama tu."

"Hivyo ndivyo alivyosema shangazi yake."

Nilirudi darasani nikajichunguza. Nilikuwa nakohoa. Chiriku akisogeza penseli, mimi koo linaniwasha, nasafisha, naye anaandika. Nilikuwa nimekuwa kidole kingine, tena chenye sauti. Siku hiyo nilihamia upande wa pili wa chumba nikafunga mdomo, na karatasi ikabaki nyeupe.

Shangazi aliiona kupitia mlangoni. Aliingia ndani wakati watoto wanatoka kucheza, akasimama mbele yangu.

"Mnamnyang'anya mtoto mkono wake," akasema.

"Si mkono wake. Ni wako."

"Wangu au wake, ulikuwa unamsaidia! Alikuwa anaandika, Mwalimu. Sasa haandiki. Wakija wakamkuta haandiki wanamchukua. Wewe kesho utapewa mtoto mwingine, utaendelea na chaki zako. Mimi je?"

Nilimwambia kwamba akirudisha kidole, afisa atakapomtoa nje ya chumba tutarudi palepale pa karatasi nyeupe. Nilimwambia kwamba naogopa kama yeye. Hilo la pili lilikuwa kweli, na nilikasirika kwamba limenitoka. Shangazi alikusanya vitambaa vyake, akaondoka. Nilidhani hatarudi. Asubuhi alikuwa kwenye benchi lake la nje, mgongo ameupa mlango, mikono ameifumbata kwapani.

Siku ya afisa, mvua ilikuwa imenyesha na uwanja ulikuwa matope. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye mkoba mgumu na viatu alivyovifuta kwa muda mrefu kabla ya kuingia. Tulimpa chumba cha vitabu, ambacho kina meza moja na dirisha moja. Nilileta kiti cha Chiriku chenye soksi zake, na ukanda wake wa picha nikaubandika mezani. Afisa alisema mwalimu anaweza kubaki, ila akae ukutani, asiseme neno. Shangazi alipelekwa upande wa pili wa uwanja, kwenye kibaraza cha ofisi, na Mwalimu Mkuu mwenyewe akakaa naye. Nilielewa kwamba anamlinda asije. Baadaye niliambiwa kwamba walishikana mkono muda wote, na kwamba Mwalimu Mkuu ndiye aliyeanza.

Afisa akaweka karatasi ya hesabu mezani. "Haya, binti, andika majibu," akasema kwa upole.

Chiriku akashika penseli. Akaisogeza mpaka ncha ikakaribia kugusa karatasi, akabaki hivyo.

Nje mtu alikuwa anafagia maji. Afisa alingoja, akatazama saa, akangoja tena. Akaandika kitu kwenye fomu yake. Mimi nilikuwa ukutani, na koo lilianza kuniwasha. Lilikuwa jambo dogo sana. Kikohozi kimoja, nani angejua? Mvua, baridi, mwalimu ana mafua. Chiriku angeandika hesabu ya kwanza, na kwa ya pili ningekohoa tena, na afisa angeniuliza kama nimemeza dawa, na mtoto angepita. Nilimeza mate. Ningekohoa, mwaka ujao angekwenda darasa la nne, na kikohozi changu kisingekwenda naye. Huko angekaa na penseli hewani mbele ya mwalimu asiyejua chochote, na waraka ungekuwa bado upo. Niliuma meno mpaka taya likauma. Sijawahi kuchukia kusimama kama nilivyochukia siku ile.

Afisa akakiweka kifuniko cha kalamu yake. Nilijua maana yake. Alikuwa anamaliza.

Chiriku akailaza penseli mezani. Akainua mkono wa kushoto, akanyoosha kidole cha shahada, akajigusa kiwiko cha kulia. Mguso mwepesi, wa kupima pasi. Akaichukua penseli tena na kuandika mia moja na kumi na tatu, kwa ule mwandiko wake mkubwa unaoteremka. Kisha akailaza penseli, akajigusa, akaichukua, akaandika. Afisa akakitoa kifuniko cha kalamu. Mtoto alikwenda hivyo mpaka chini ya ukurasa, hesabu moja baada ya nyingine, bila haraka. Alikosa mbili. Ya maneno, iliyomuuliza habari za mkulima na mbuzi wake, aliijibu "hapana".

Niligeuka nikatazama rafu za vitabu. Nililia, na sioni sababu ya kulisema kwa mafumbo.

Majibu ya afisa yalikuja baada ya siku chache, kwa barua fupi. Mwanafunzi anaweza kufanya kazi bila kusaidiwa. Aendelee katika shule ya kawaida. Chini aliongeza ushauri: mwanafunzi ana tabia isiyo ya lazima ya kujigusagusa kiwiko, walimu wamsaidie kuiacha. Mwalimu Mkuu aliusoma ushauri huo kwa sauti, akanitazama juu ya miwani yake. Nilisema nitaushughulikia. Mpaka leo sijaushughulikia, na sina mpango huo.

Shangazi aliposikia alipiga vigelegele kwenye korido mpaka Chiriku akaziba masikio; Shangazi akaomba radhi kwa kunong'ona, akaenda kupigia vingine nje ya lango. Waraka ulimruhusu kukaa darasani mpaka mwaka uishe. Zilikuwa zimebaki siku za mwisho tu, za kurudia masomo na kufuta madawati, na nilimwambia arudi ndani kama anapenda. Kazi ilikuwa imekwisha, asingeharibu kitu. Alivaa gauni alilojishonea, akaja mapema, akaketi kwenye kiti chake kidogo kando ya dawati la ukutani.

Chiriku aliingia akitoka chooni, akamkuta pale. Alisimama akamtazama. Hakukasirika, uso wake ulikuwa uleule wa kila siku. Alimshika Shangazi kifundo cha mkono, akamvuta hadi akasimama, akamwongoza kati ya madawati mpaka mlangoni, na nje ya mlango akamwachia.

"Nenda nyumbani," akamwambia.

Akarudi, akaketi, akavuta kiti chake karibu na meza.

Nikatoka nje. Shangazi alikuwa amesimama palepale alipoachwa, mkono bado umenyooka mbele yake.

"Nimefukuzwa, Mwalimu," akasema. "Mtoto niliyemfundisha kushika kijiko amenifukuza darasani." Akacheka, akacheka sana, akanishika bega ili asianguke, na katikati ya kicheko sauti ikambadilika. Alilia kwa nguvu, bila kujificha, watoto wote wakichungulia dirishani. Nilimuuliza kama nimrudishe ndani, nimwambie Chiriku ni kwa leo tu.

"Hapana," akasema, anajifuta kwa upindo wa gauni lake jipya. "Muache. Mimi nina nguo za watu nyumbani."

Alivuka uwanja taratibu. Sikumsindikiza, kwa sababu somo lilikuwa limeanza na nilikuwa nimeacha darasa peke yake. Niliingia nikafunga mlango, na Chiriku alikuwa ameshafungua kitabu.